Clifford Megginson na Jina Lisilosomwa Ravelthorpe

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Ravelthorpe na ninyi nyote mliofunga safari kuja kulia nasi, mimi Hilary, binti wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba wapo waliokuja nyumbani juzi wakatuomba kwa upole historia hii iwe fupi, wakimaanisha iishie pale wanapopenda wao, nasi tukawapa chai, tukawasikiliza mpaka mwisho, na hatukuwatii.

Marehemu Clifford Robert Megginson alizaliwa tarehe 9 Februari 1938, katika chumba cha juu cha nyumba ya Shamba la Juu, hapa hapa Ravelthorpe, akiwa mtoto wa pili na wa kiume pekee wa Bwana Thomas Megginson na Bibi Edith, wakati theluji imefunga njia ya Driffield na mkunga akalazimika kuletwa kwa gari la farasi huku amejifunika magunia. Alibatizwa mwezi uliofuata kwenye beseni la mawe pale mlangoni, alipobatizwa baba yake na babu yake, na jambo hilo si dogo, kwa kuwa katika kijiji hiki mtu haulizwi anafanya kazi gani wala anaamini nini, anaulizwa babu yake amelala upande gani wa kanisa, na asiye na babu kwenye ua huu huitwa mgeni hata kama meno yake yote yameng'okea hapa.

Marehemu alisoma shule ya kijiji, ile ambayo siku hizi ni nyumba ya mapumziko ya watu wa Leeds, kuanzia mwaka 1943 hadi 1949, kisha akaendelea na masomo Driffield hadi Julai 1953, alipoacha akiwa na miaka kumi na tano, hesabu zake zikiwa nzuri, mwandiko wake ukiwa balaa, na kichwa chake kimejaa habari za zamani kuliko alizofundishwa. Aliingia moja kwa moja katika kazi ya shamba chini ya baba yake, akilima shayiri na ngano na kufuga kondoo, na kwa kuwa wakulima walisamehewa jeshi la lazima, hakuvaa magwanda hata siku moja, jambo ambalo yeye mwenyewe alipenda kulitania, akisema kwamba vita pekee alivyopigana ni vya sungura na kabichi.

Tarehe 15 Juni 1963 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Audrey Stathers, mzaliwa wa Kilham, kijiji cha jirani, aliyekutana naye kwenye dansi ya vijana wa kilimo, na siku mama alipoingia kijijini na masanduku yake mawili jirani mmoja alimpokea langoni kwa kumwambia, "Karibu, mgeni," neno la heshima siku hiyo, ila ubaya wake ni kwamba halikukoma. Mungu aliwajalia watoto wawili, Philip aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1966, ambaye yuko Kanada na anatusikiliza kwa simu, na Hilary aliyezaliwa tarehe 17 Septemba 1970, ambaye ndiye huyu mnayemwona, na baadaye wajukuu wanne waliomwita babu yao kwa majina ambayo kanisani hayasemeki.

Aliliendesha Shamba la Juu mwenyewe tangu baba yake alipofariki Machi 1979 hadi alipolikodisha mwaka 1998, alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka arobaini, aliwavuta kondoo wa watu kwenye matope, aliwachonganisha watu kwenye mashindano ya maboga na kisha akawapatanisha, na mwaka 1984 alianzisha kikundi cha historia ya kijiji, akaandika kijitabu chake, na kwa kijitabu hicho jina la Ravelthorpe likafika mbali kuliko sufu yetu ilivyowahi kufika.

Wenyeji mnajua, na wageni mtusikilize, kwamba mwaka 1920 vijiji vyote vya vilima hivi vilipokuwa vinajenga minara yenye majina ya vijana wao waliokufa vitani, Ravelthorpe haikujenga mnara, ilitundika ubao wa mwaloni, huo hapo kushoto kwenu, wenye majina ya vijana kumi na mmoja walioenda na wote wakarudi, na aliyesimama mbele ya mchungaji wa siku hizo akasema, "Wetu wote wamerudi," alikuwa babu yake marehemu, Mzee Robert Megginson wa Shamba la Juu. Tangu hapo kila Jumapili ya Kumbukumbu, mwezi wa Novemba, wakati majirani wanasoma majina yao na kulia, kwetu Megginson mmoja husimama chini ya ubao na kusema, "Ravelthorpe haina jina la kusoma," na kanisa zima hujibu, "Mungu ashukuriwe." Babu alisema, mwanawe akasema, na marehemu alisimama mara ya kwanza Novemba 1979, akawa na sauti nene, ya polepole, ambayo watu walitoka hadi York kuja kuisikia, na bango likawekwa barabarani, Kijiji cha Shukrani, na mabasi ya wazee yakaja wakati wa kiangazi, na paa la ukumbi likaezekwa upya kwa sababu ya baraka hiyo, na baba yetu akatembea kifua mbele kama jogoo wa mwenye nyumba.

Hapa ndipo tulipoombwa tuishie.

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, ilikuwa siku ya wazi ya urithi, ya kuwaonyesha wageni mambo yetu ya kale, ukumbi umejaa, kuna chai, skonzi na vijikeki vya maziwa mgando, na marehemu alisimama kueleza habari za vijana wa mwaka, yaani wale vijana wa zamani walioajiriwa mnadani kila sikukuu ya Mtakatifu Martini, ambayo huku huhesabiwa tarehe 23 Novemba kwa kalenda ya zamani, wakalala darini kwa mkulima, wakala mezani kwake, wakaendesha farasi wake mwaka mzima, kisha Martini ikirudi wakaenda shamba jingine. Tuliokuwemo tulimsikia vizuri, maana hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Kijana akishapokea sarafu ya ahadi," alisema, "basi ni wa shamba mpaka Martini. Akitoroka, mkulima anamfuata na fimbo. Akiugua, mke wa mkulima anampikia uji. Akifa, shamba linamzika. Mpaka tarehe 23 Novemba huyo ni mtu wetu, apende asipende!"

Watu wakacheka, kwa kuwa alijua kuchekesha, na kicheko kilipotulia akasimama mama mmoja karibu na dirisha, kikombe mkononi, ambaye hakuna aliyemjua, na ambaye baadaye tulimfahamu kuwa ni Bibi Maureen Fewster, mwalimu mstaafu kutoka Beverley.

"Mzee Megginson, samahani," akasema. "Hapo Shamba la Juu mliwahi kuwa na kijana anaitwa Amos Fewster?"

Marehemu alilijua jina hilo, tuseme kweli mbele ya jeneza, kwa kuwa limechongwa kwa kisu kwenye boriti ya banda la farasi, na yeye mwenyewe alijifunzia kusoma kwa majina ya boriti ile kabla ya kwenda shule.

"Huenda," akajibu. "Walikuwa wengi, mama. Walikuja na kuondoka kama mbayuwayu."

"Alikuwa kaka yake babu yangu. Aliajiriwa kwenu Novemba 1913. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, akaitwa vitani yuko juu ya gari la ngano yenu, akaziacha hatamu, akaenda. Hakurudi. Sasa nauliza tu, mbona kwenye ubao wenu hayupo, wala popote?"

"Pole sana, mama. Lakini huyo hakuwa wa hapa. Watakuwa wamemwandika huko kwenu."

"Kwetu hawakumwandika. Walisema ameajiriwa Ravelthorpe, atasomwa Ravelthorpe."

"Ah! Basi ndiyo mambo ya vijana wa mwaka hayo," akasema baba, akigeukia watu wake. "Mwaka ukiisha, na kijana ameisha."

Watu wakacheka tena, na yule mama akangoja wamalize, kama mwalimu anavyongoja darasa.

"Alikufa tarehe 26 Oktoba, Mzee Megginson. Oktoba ya 1914. Wewe umesema sasa hivi, mpaka tarehe 23 Novemba ni mtu wenu, apende asipende. Akifa, shamba linamzika."

Nataka muelewe kwamba baba yetu hakuwa mjinga, aliuona ukweli pale pale, aliuona mzima kama mtu anavyomwona ng'ombe sebuleni, na alikuwa na nafasi ya kusema, mama, nimekosea, njoo tuzungumze. Badala yake akatabasamu.

"Kunywa chai yako, mama," akasema. "Inapoa."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya siku ile, kicheko cha watu waliofurahi kuokolewa, na Bibi Maureen akakiweka kikombe dirishani kikiwa kimejaa, akavaa koti lake taratibu, kifungo kwa kifungo, akatoka. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kijana Amos alipewa jembe siku ya kwanza, akalishika mpaka siku alipoitwa vitani, akafa bado ni mgeni, na mjukuu wa ndugu yake akafukuzwa na sisi kwa kikombe cha chai. Ndiyo aibu yenyewe, na ni yetu sote.

Wiki tisa baadaye ikaja Jumapili ya Kumbukumbu, marehemu akasimama chini ya ubao, akijua anachokijua, akasema Ravelthorpe haina jina la kusoma, nanyi mkajibu, na mwaka uliofuata akasema tena, na tarehe 11 Novemba 2018, miaka mia tangu vita viishe, watu wa redio wakaja na vipaza sauti vyao, akasema kwa sauti nzuri kuliko miaka yote. Lakini siku hiyo mama yetu hakujibu. Alisimama kiti cha mbele, mdomo umefungwa, anamtazama mumewe, na baba aliona, na walipofika nyumbani mama aliingia jikoni kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

"Audrey, una nini leo?" baba aliuliza.

"Nina swali, Cliff."

"Uliza basi, mbona unanizungusha?"

"Mimi ni wa Kilham. Nimekaa hapa miaka hamsini na tano, nimekuzalia, nimefua nguo za altareni mpaka vidole vimepinda. Siku mkinizika mtasema nilikuwa wa wapi?"

"Acha maneno yako. Wewe ni mke wangu."

"Sikuuliza mke wa nani. Nimeuliza wa wapi."

Baba alitoka kwenda kuwaangalia kuku, na swali hilo lilibaki mezani kwao miezi ile ya baridi, mpaka mama alipofariki ghafla kwa moyo tarehe 22 Januari 2019, bila kujibiwa.

Katika ua wetu, kama mtakavyoona mkitoka, mawe ya wenyeji yana maneno "wa parokia hii" chini ya jina, na ya wengine hayana, na hakuna sheria iliyoandikwa popote, ni desturi tu, na mlinzi mkuu wa desturi hiyo alikuwa marehemu. Alipopeleka maombi ya jiwe la mama akayaweka maneno hayo, na mwenyekiti wa baraza letu, Bwana Nigel Wharram, alimfuata hadi langoni, kofia mkononi, maana si mtu mbaya.

"Cliff, Audrey alikuwa mtu safi, hilo halina ubishi," alisema. "Lakini tuseme ukweli, alikuwa wa Kilham."

"Alikaa hapa miaka hamsini na tano, Nigel."

"Najua, kaka. Sasa nifanyeje? Taratibu ni taratibu, na wewe ndiye uliyetufundisha."

Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo baba yetu aliliona lake, alikaa juu ya ukuta wa mawe akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka themanini na moja, na aliniambia baadaye kwamba hakuwa anamlilia mama peke yake. Na ajabu ya mwanadamu, hata baada ya kulia hivyo hakushindana, alikubali, na jiwe la mama yetu halina maneno hayo mpaka leo.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo aliendesha gari mwenyewe hadi Beverley, akaulizauliza mpaka akaupata mlango wa Bibi Maureen, na aliyotusimulia ni kwamba mama huyo alifungua, akamtambua mara moja, na hakumkaribisha ndani.

"Unataka nini, Mzee Megginson?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Kwa yale ya ukumbini. Na ya kijana wenu."

"Unaniomba mimi?"

"Nani mwingine?"

"Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba alikuwa wenu, huna cha kuniambia. Nenda kawaambie waliocheka."

Akafunga mlango, si kwa kishindo, akaufunga tu, na tangu siku hiyo hadi kufa kwake baba yetu alikuwa na jambo moja tu la kufanya hapa duniani, nalo ni kusimama mbele yenu na kuwaambia. Kwa mtu mwenye sauti kama yake lilikuwa jambo la dakika moja, na lilimshinda.

Oktoba 2019 alilipeleka barazani, akaeleza habari za Amos na tarehe zake, akasema yale maneno ya Novemba si ya kweli na hayakuwahi kuwa ya kweli, na majibu aliyopata wengi wenu mnayakumbuka kwa kuwa mlikuwa mmekaa pale.

"Cliff, umefiwa juzi tu, una majonzi," Bwana Wharram alimwambia. "Nenda kapumzike."

"Majonzi ninayo na akili ninazo."

"Haya, tuliondoe bango. Tubaki na nini?" akadakia mwingine kutoka nyuma. "Kibanda cha basi? Na basi lenyewe siku hizi halipiti!"

Watu wakacheka, na kilichomuumiza marehemu zaidi ya yote, kwa maneno yake mwenyewe, ni kwamba alijisikia akicheka pamoja nao, kwa mazoea, na alipomaliza kucheka ajenda ilikuwa imeshahamia kwenye nyasi za makaburini. Novemba hiyo alisimama akasema maneno yale yale. Mwaka 2020 kanisa lilifungwa kwa ajili ya ugonjwa, akashukuru, kisha akaona haya kwa kushukuru. Tarehe 14 Novemba 2021 aliamka mapema, akanyoa, akaniambia, "Leo, Hilary, leo nasema," akafika hapa, akasimama chini ya ubao, akafungua kinywa, na kimya kikawa kirefu mpaka watoto wakageuka kumtazama, halafu maneno ya babu yake yakatoka yenyewe, nanyi mkajibu kwa nguvu kuliko kawaida. Mlangoni akapigwa bega na kuambiwa, "Umetutisha kidogo, mzee," na nilipomfikisha nyumbani alilala juu ya kitanda na viatu vyake, akageukia ukutani, na chakula cha mchana hakukigusa.

Marehemu alianza kuugua asubuhi ya tarehe 3 Machi 2022, alipopatwa na kiharusi akiwa anakula uji, akalazwa hospitali, na maisha yake yakaokolewa, lakini mkono wa kulia ukafa na maneno yote yakapotea, akawa anaelewa kila kitu na hawezi kusema hata jina langu. Siku ya tano alitaka maji, akatuonyesha bilauri, akakunja uso, akavuta pumzi, na kilichotoka, kwa ile sauti yake nene iliyonyooka isiyo na kasoro hata moja, kilikuwa "Ravelthorpe haina jina la kusoma." Wataalamu walitueleza kwamba ndivyo kiharusi kinavyoweza kufanya, kinachukua maneno ya mtu na kumwachia yale aliyoyarudia mpaka yakaota mizizi, wengine huachiwa sala, wengine matusi, na baba yetu aliachiwa uongo wake. Akitaka choo alisema hivyo, akitaka dirisha lifunguliwe alisema hivyo, mjukuu wake akimbusu alimjibu hivyo, na kila yalipotoka alitikisa kichwa na machozi yakamtoka, maana masikio yake yalikuwa mazima.

Muuguzi wake, Bincy, mama wa Kerala ambaye hakujua chochote kuhusu ubao wala bango letu, alidhani mgonjwa wake anatafuta jina la mtu, na kila mara alimjibu kwa upole, "Haina jina, Clifford? Basi tutalitafuta, usijali, tutalitafuta." Watu wote waliowahi kuyasikia maneno yale kwa zaidi ya miaka mia walikuwa wamejibu Mungu ashukuriwe, na huyu, mgeni wa siku chache, ndiye wa kwanza aliyejibu sawasawa.

Aliporudi nyumbani alianza mazoezi ya kusema na mtaalamu aliyekuja kila Alhamisi, na alipoulizwa kwa picha na vidole angependa kuanza na neno gani, chai, mkate, Hilary, au ndiyo, alikataa yote, akanivuta mkono hadi kwenye banda la farasi, kwa fimbo, hatua kwa hatua, akainua ile fimbo na kugusa jina kwenye boriti. Ilimchukua mwaka na zaidi. Lilianza kama pumzi, likawa A, likawa Amo, akalirudia kwenye bafu, akalirudia mbele ya paka, na kiangazi cha mwaka huu akalipata lote, Amos, na akamwambia kila aliyeingia, mleta maziwa, mchungaji, Bwana Wharram alipokuja na maua, na wengi wenu mlioitwa hivyo mkadhani mzee amechanganyikiwa na majina ya watu, mkamjibu, "Mimi siye Amos, Cliff," huku mkimpapasa bega. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anawaambia waliocheka, kwa neno moja alilokuwa nalo, na hamkumsikia.

Alikusudia kusimama hapa Novemba hii na neno lake moja, lakini mwishoni mwa Septemba homa ya mapafu ilimshika, akarudishwa hospitali, na tarehe 4 Oktoba 2023, saa kumi na mbili asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka themanini na mitano, na kwa kuwa watu wanapenda kuuliza alisema nini mwishoni, hakusema kitu, alikuwa amechoka, na hatutaki kumsingizia.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa Muuguzi Bincy, kwa mtaalamu wa mazoezi ya kusema ambaye hakuchoka kabla ya mgonjwa, kwa Mchungaji aliyekuja hata siku za mvua, kwa majirani mliotulishia kuku na kutuletea mikate ya nyama ya nguruwe mpaka meza ikakosa nafasi, kwa wenzake wa kikundi cha historia mliobeba jeneza, na kwa Bwana Nigel Wharram aliyetupa ukumbi kwa ajili ya chai baada ya mazishi, ambaye namwona anatazama mlango na tunamwomba asitoke kabla hatujamaliza. Bibi Maureen Fewster tulimpelekea habari za msiba, akajibu kwa ufupi kwamba hana chozi la kumlilia Clifford Megginson na hatalighushi, ila siku jina litakaposomwa atakuja, na familia imepokea jibu hilo kama lilivyo na haikuona kosa ndani yake.

Tena, baraza limempigia Philip simu huko Kanada kumwomba, kama mwana wa kiume, aje asimame chini ya ubao tarehe 12 Novemba aseme maneno ya babu zake, na Philip amewajibu kwamba dada yake yupo, ana miguu na ana mdomo. Nitasimama. Na ili asiwepo atakayesema alishtukizwa, nasema leo, mbele ya baba yangu ambaye hili lilimshinda kwa woga alipokuwa na sauti, na lilimshinda kwa ugonjwa alipopata ujasiri, na mbele yenu ninyi ambao yeye aliambiwa aje awaambie. Ravelthorpe ina jina la kusoma. Alikuwa na miaka kumi na tisa, alilala darini kwetu, alikula mezani kwetu, alivuna ngano yetu, na mwaka wake haukuwa umekwisha. Akishaingia ubaoni huyo, tutalizungumza jiwe la mama yangu.

Amos Fewster, wa parokia hii, pumzika kwa amani. Na wewe, Baba, nyuma yake.